Kilemba cha milioni 12 kwenye duka la spea za pikipiki: nalipia nini hasa?

Spana14

Habari zenu wakuu. Kuna duka la spea za pikipiki linauzwa Mbagala Rangi Tatu, fremu moja, lipo kazini. Mwenye duka anataka milioni 28 na mchanganuo wake ni huu: mzigo milioni 14, rafu na kaunta na vifaa milioni 2, kilemba milioni 12. Kodi ya fremu ni 350,000 kwa mwezi, inalipwa miezi sita sita. Mauzo anasema wastani ni 400,000 kwa siku, siku 26 za mwezi. Yupo kijana mmoja anayelipwa 250,000.

Mzigo nauona, rafu naziona. Kilemba ndicho sikielewi. Nikiuliza, jibu ni "unanunua jina, unanunua wateja". Je, jina lina bei? Inapigwaje? Na nikishalipa, nitashika nini mkononi kuonyesha kwamba hao wateja sasa ni wangu?

Mizania

Mkuu, tenganisha kwanza vitu viwili ambavyo sokoni vinaitwa kwa jina moja.

Kuna kilemba cha fremu, hela ya kumtoa mpangaji aliyepo ili ukae wewe, hata kama yeye anauza viatu na wewe utauza simu. Hapo unalipia kona, njia, watu wanaopita mlangoni. Halafu kuna jina la duka: watu waliokwishazoea kuja, wanaokuja tena bila kuitwa, na wanaotuma wengine. Kiswahili cha wazee kina neno lake, nemsi, yaani sifa njema ya mtu mbele za watu. Hivi viwili vina hatari tofauti. Cha kwanza kiko mikononi mwa mwenye nyumba, cha pili kiko vichwani mwa wateja. Muuzaji wako anavichanganya kwenye milioni 12 zake, na kwa kweli hakuna hata kimoja anachoweza kukukabidhi peke yake.

Sasa bei. Jina la duka lina thamani pale tu linapoingiza hela zaidi ya ile ambayo jasho lako na mtaji wako vingeingiza kwingine. Tuchukue namba zake kama alivyozisema. Mauzo 400,000 mara siku 26 ni 10,400,000. Spea zikichanganywa (oili na tairi faida ndogo, vitu vidogo faida kubwa) weka faida ghafi (mauzo ukitoa bei ya kununulia mzigo) ya asilimia 25, unapata 2,600,000. Toa kodi ya fremu 350,000, mshahara wa kijana 250,000, umeme, ulinzi na taka 80,000, usafiri wa mzigo 80,000, asante ya mafundi wanaokuletea wateja 120,000, kodi ya mapato na leseni ukizigawa kwa miezi 220,000. Jumla 1,100,000. Inabaki 1,500,000.

Hapa ndipo milioni 12 zilipotoka: 1,500,000 mara miezi minane. Ni hesabu ya mtaani na ina kosa, kwa sababu ndani ya hiyo 1,500,000 mmefichwa watu wawili ambao hawajalipwa. Wa kwanza ni wewe. Utakaa kaunta tangu asubuhi hadi usiku. Ukimwajiri msimamizi utamlipa si chini ya 600,000. Toa. Wa pili ni mtaji wako wa milioni 16 ulioko kwenye mzigo na rafu. Ungekopa benki kwa asilimia 18 kwa mwaka, ungelipa riba 240,000 kwa mwezi. Toa. Inabaki 660,000 kwa mwezi, sawa na 7,920,000 kwa mwaka. Hiyo ndiyo faida ya ziada, ndiyo kazi halisi ya jina. Kwa duka dogo linalotegemea sura ya mwenyewe nisingevuka faida ya ziada ya mwaka mmoja. Kwa hiyo hata tukiamini kila neno lake, kilemba ni karibu milioni 8.

Lakini usiamini bado. Mali bila daftari hupotea bila habari, na duka likiwa halina daftari, mauzo unayapima kwa mlango wa nyuma, yaani manunuzi. Chukua risiti za miezi mitatu za wauzaji wa jumla. Tuseme mzigo wa mwanzo ulikuwa 13,200,000, akanunua wa 20,100,000, na sasa uliopo ni 14,000,000. Basi uliotoka ni wa 19,300,000. Kwa kuwa faida ghafi ni asilimia 25, mzigo ni asilimia 75 ya mauzo, basi gawa kwa 0.75, mauzo ni kama 25,730,000 kwa siku 78, yaani 330,000 kwa siku. Rudia hesabu ya juu kwa 330,000: faida ghafi 2,145,000, toa 1,100,000, toa 600,000, toa 240,000. Imebaki 205,000. Kwa mwaka ni 2,460,000.

Tazama kilichotokea. Mauzo yamepungua kwa chini ya moja ya tano, lakini thamani ya jina imeanguka kwa zaidi ya theluthi mbili. Ndiyo maana kwenye kilemba kosa dogo la kuamini linagharimu mamilioni. Omba ripoti za Z (jumla ya mauzo ya kila siku) za EFD, yaani mashine ya risiti za kodi, omba makadirio ya TRA, mamlaka ya mapato, omba taarifa ya lipa namba, ile ya kupokea malipo ya simu, ya miezi sita. Mtu anayekuambia anauza milioni 124 kwa mwaka huku makadirio yake ya kodi yanasema 40, mojawapo ya karatasi hizo si ya kweli, na bei ya kilemba ipangwe kwa ile ndogo.

Anza_Mwenyewe

Mimi nasema usilipe hata mia. Tafuta fremu tupu mita 100 kutoka hapo, weka mzigo mzuri, punguza bei, subiri. Kizuri chajiuza.

Mizania

Ni njia halali, ila nayo ina bei, tuipige. Gharama zilezile 1,100,000 ukigawa kwa 0.25 unahitaji mauzo ya 4,400,000 kwa mwezi, karibu 169,000 kwa siku, ili usile mtaji. Duka jipya likianza na 80,000 kwa siku na kupanda 15,000 kila mwezi, litafika hapo mwezi wa saba. Miezi sita ya kwanza itakuwa imemeza kama milioni 2 za hasara, na wewe hukujilipa 600,000 zako mara sita, hiyo ni 3,600,000. Jumla 5,600,000 kujenga jina kutoka sifuri, kama mambo yakienda vizuri.

Kwa hiyo @Spana14 una mipaka miwili: chini ni 2,460,000 ambayo duka lingeonyesha kwa karatasi kama risiti zingekuwa za mfano wangu, juu ni 5,600,000 ambayo ungetumia kuanza mwenyewe. Mazungumzo yako yawe kati ya hizo. Milioni 12 haina pa kusimama.

Sura_345

Upande wa sheria, naanza na mwenye nyumba kwa sababu hapo ndipo watu wanalia. Kilemba unachomlipa mpangaji hakimfungi mwenye nyumba hata kidogo. Mpangaji anauza kitu ambacho si chake, nafasi ndani ya nyumba ya mtu mwingine. Mwenye nyumba akikataa kukupangisha, au akikupandishia kodi mwezi wa saba, umebaki na karatasi ya mtu aliyekwishahama.

Kwa hiyo mkae watatu meza moja kabla shilingi haijatoka. Uandikwe mkataba mpya wa pango kwa jina lako, usiwe wa kurithi miezi iliyobaki ya muuzaji. Miaka miwili angalau, ikiwezekana mitatu, na kifungu kinachokupa haki ya kuongeza muda, na kingine kinachosema kodi haitapanda zaidi ya kiasi fulani, tuseme asilimia 10, na si kabla ya mwaka kuisha. Kiwepo pia kifungu kwamba ukitaka kuuza biashara, mwenye nyumba hatakataa mnunuzi bila sababu ya msingi. Bila hicho, kilemba unachokilipa leo hutakirudisha siku ukiondoka.

Hakikisha anayesaini ndiye mwenye nyumba. Kama nyumba ni ya marehemu, anayesaini ni msimamizi wa mirathi mwenye barua ya mahakama. Mtoto mkubwa anayekusanya kodi hana mamlaka hayo kwa kuwa mkubwa tu. Pita ofisi ya serikali ya mtaa uulize. Na kwa kuwa eneo lenyewe linapitiwa na Kilwa Road, tazama ukutani kama kuna alama ya X, uliza pia kuhusu hifadhi ya barabara. Duka likibomolewa, jina lililokuwa limeshika mahali hapo linaondoka na ukuta.

Gharama za mkataba wa pango ziweke kwenye hesabu: ushuru wa stempu asilimia 1 ya kodi ya mwaka, kwako ni 42,000, na kodi ya zuio (kodi ya serikali inayokatwa kwenye malipo ya mwenye nyumba) asilimia 10 ya pango, 420,000 kwa mwaka, ambayo wewe mpangaji mfanyabiashara unatakiwa kuikata na kuipeleka TRA. Wenye nyumba wengi husema "350,000 yangu iwe kamili". Mkubaliane mapema nani anabeba zuio, la sivyo kodi yako halisi ni kubwa kuliko uliyoambiwa.

Sasa jina. Mwaka 1810 jaji wa Uingereza, Lord Eldon, alisema jina la biashara ni uwezekano tu kwamba wateja wa zamani watarudi mahali pa zamani. Mwaka 1901 Lord Macnaghten akaliita nguvu inayovuta wateja. Lakini kesi inayokuhusu zaidi ni Trego v Hunt ya 1896: aliyeuza jina la biashara haruhusiwi kuwafuata wateja wake wa zamani kuwavuta, ila anaweza kufungua biashara ya aina ileile jirani, kama mkataba haukumkataza. Usikubali kuacha jambo hilo hewani. Sheria ya Mikataba, Sura ya 345, kwa kawaida haipendi mtu kuzuiwa kufanya kazi yake, lakini inamruhusu anayeuza jina la biashara akubali kutofanya biashara kama hiyo ndani ya eneo lililotajwa, mradi masharti yawe ya haki. Andika eneo kwa majina ya mitaa au kwa kilomita, andika muda. Kilomita 3 kwa miaka miwili ni jambo linaloweza kutetewa. Ukiandika "Tanzania nzima maisha yote" umejiharibia mwenyewe. Na zuio limguse pia akifungua kupitia mke, mume au ndugu.

Jina lililoko kwenye bango, tafuta kwenye mfumo wa BRELA, wakala wa usajili wa biashara, kama limesajiliwa na kwa jina la nani. Kama limesajiliwa, mabadiliko ya umiliki yafanyike humo. Kama halijasajiliwa, lisajili wewe siku hiyohiyo. Leseni ya biashara na TIN (namba ya mlipakodi) havirithiwi, utachukua vyako. Usitoe risiti kwa EFD yake hata siku moja, maana mauzo yako yatasomeka kwake na deni lake la kodi litakuja kugonga mlango uliokaa wewe.

Kijiwe_Kati

Wakuu wameongea hesabu na sheria vizuri. Niongeze kitu ambacho hakionekani kwenye karatasi: kwenye spea za pikipiki mteja si dereva wa bodaboda, mteja ni fundi. Pikipiki imefunguliwa kijiweni, dereva kasimama hana kazi, fundi anamwambia "nenda kwa fulani, kachukue seti ya klachi, mwambie nimekutuma". Dereva hachagui duka. Jina unalotaka kulinunua liko kwenye midomo ya mafundi 15 au 20 walioko karibu na hapo.

Kwa hiyo lipime hapo. Kaa dukani siku sita, wiki nzima pamoja na Jumamosi, na kwa kila mteja andika alama moja: katumwa na fundi, kapita tu, au kapiga simu. Wapita njia wakiwa wengi, unachonunua ni mahali. Wa kutumwa wakiwa wengi, uliza majina ya mafundi. Kama nusu ya mauzo inatoka kwa mafundi watatu, na mmoja ni shemeji wa muuzaji, kilemba ni dhaifu sana. Kipimo kikubwa kuliko vyote: mwombe muuzaji asifike dukani kwa siku kumi, kijana akae peke yake na wewe uwe pembeni. Mauzo yakishikilia, jina ni la duka. Yakianguka, jina ni la mtu, na mtu hauziki.

Mafundi wanafuata mambo manne, kwa mpangilio huu. Kwanza kifaa kipatikane: ukimrudisha dereva mikono mitupu mara mbili, fundi anabadilisha njia. Pili ukweli wa daraja la mali. Spea ileile ipo orijino, ipo ya kati, ipo ya bei ya chini. Ukiuza ya chini kwa bei ya orijino, beringi inalia baada ya wiki mbili, dereva hakulaumu wewe, anamlaumu fundi, na fundi hasamehi hilo. Andika daraja kwenye kibandiko cha bei. Tatu kurudisha. Hesabu pini za cheni na meno ya sproketi mbele ya mteja, washa taa na honi kwa betri ya volti 12 pale kaunta, ndipo useme vya umeme havirudi vikishafungwa. Ambacho hakijafungwa, pokea bila maneno. Nne ndiyo cha juu cha fundi, yaani ile asante yake. Wengine huiweka kwanza, wanakosea: fundi hawezi kula cha juu kwenye kazi inayorudi.

Halafu mali kauli. Hapa ndipo pa kufungua macho. Muuzaji aliyekaa miaka mingi anapewa mzigo Kariakoo kwa neno tu, analipa baada ya kuuza. Hiyo imani ndiyo sehemu tamu ya jina lake, na haihamii kwako. Kwanza, katika mzigo wa milioni 14 unaolipia, inawezekana milioni 4 bado ni za muuzaji wa jumla. Nenda naye kwa kila anayemkopesha, upate maandishi kwamba hadaiwi, au deni likatwe kwenye bei na ulipe wewe moja kwa moja. Pili, wewe utaanza kwa fedha taslimu, kwa hiyo andaa mtaji wa ziada unaolingana na mali kauli aliyokuwa akipata. Mwombe akutambulishe, lakini chukua kidogo, lipa kabla ya siku, ongeza taratibu. Mizunguko mitatu minne ya kulipa kwa wakati inaongea kuliko utambulisho wowote.

Siku 90 za kwanza usibadilishe kitu mteja anachokitambua: bango, rangi, saa ya kufungua, namba ya simu, na kijana. Kijana ndiye anajua rafu ya tatu kuna nini na fundi gani anapenda brek shuu ipi. Akiondoka na muuzaji, umenunua stoo. Mwongeze 50,000 kwa miezi mitatu, ni bima rahisi kuliko zote. Laini ya simu ya duka imesajiliwa kwa alama za vidole za muuzaji, mwende naye ofisi ya mtandao ihamishwe. Na ile lipa namba iliyobandikwa ukutani itoke siku ya makabidhiano, vinginevyo wateja wako watakuwa wanamlipa yeye.

Mpangaji_254

Huku kwetu Nairobi hela hiyo ya kilemba tunaiita gudwili na mara nyingi anayeidai ni mwenye jengo mwenyewe, kabla hajakupa ufunguo. Swali la kwanza ni lilelile: risiti iko wapi? Ikipokelewa bila risiti, siku ya kuhama hakuna anayekumbuka. Kwa walio Kenya, sheria iitwayo Sura ya 301, ya mwaka 1965, inawalinda wapangaji wa maduka wasio na mkataba wa maandishi au wenye mkataba usiozidi miaka mitano: mwenye jengo hawezi kupandisha kodi wala kukutoa bila notisi ya miezi miwili au zaidi, na unaweza kuipinga mbele ya tribuno ya kodi za majengo ya biashara. Uwe makini unapopewa mkataba wa miaka mitano na miezi mitatu, hiyo miezi mitatu mara nyingi imewekwa makusudi ili ukose ulinzi huo.

Spana14

Nimeelewa, ahsanteni sana. Nimemwambia muuzaji habari ya risiti za manunuzi na siku kumi za kutokuwepo. Siku kumi amekubali, risiti anatafuta. Maswali mawili: kilemba nikikubaliana, tuseme milioni 4, kinalipwaje? Na mzigo unahesabiwaje ili nisilipie takataka?

Sura_345

Usilipe kwa mkupuo. Milioni 1.5 mkataba wa pango ukishasainiwa na wote watatu, 1.25 siku ya 45, 1.25 siku ya 90. Andika kwamba awamu mbili za mwisho zinategemea yeye kukaa nawe dukani siku 14, kukutembeza kwenye vijiwe vya mafundi walioorodheshwa kwa majina, na kutovunja zuio la eneo. Bei ya mzigo, ya vifaa na ya kilemba ziandikwe mistari mitatu tofauti. Anayekuwekea hesabu atalihitaji hilo: jina ulilojijengea mwenyewe haliingii kwenye vitabu, lakini jina ulilolinunua linaingia kama mali na kupunguzwa mwaka hadi mwaka.

Kijiwe_Kati

Mzigo uhesabiwe usiku duka likiwa limefungwa, watu wawili, mmoja anasoma mmoja anaandika, mwanzo rafu ya juu kushoto. Kila rafu ikimalizika bandika karatasi. Bei iwe ya kununulia ya leo Kariakoo, isiwe ya kuuzia wala ya mwaka juzi. Gawa mzigo mafungu matatu. Unaotoka ndani ya miezi mitatu (oili, plagi, tairi, kebo, brek shuu, taa) lipia kamili. Unaotoka kwa mwaka lipia nusu. Uliolala, yaani spea za pikipiki ambazo hazionekani tena mtaani, vipande vya seti vilivyobaki upande mmoja, mipira iliyokauka na betri zilizokaa bila chaji, usilipie kitu; mwambie achukue au aache. Betri pima moja moja kwa mita, tairi kunja ukuta wake utazame mipasuko midogo. Kwenye rafu za milioni 14, usishangae fungu la tatu likifika milioni mbili. Mkimaliza, wote wawili msaini kila ukurasa, mfunge kwa kufuli mbili, yake na yako, hadi asubuhi hela ikiingia.